Ukoko wa Mama Mkwe

Mimi nilioa kwa mdomo. Mahari nilitoa, ndiyo, tena bila kuchelewesha, lakini kilichonipatia mke ni maneno ya mshenga wangu, na maneno yale nilimtungia mwenyewe.

Wazee wa mke wangu, huko milimani kwetu ng'ambo ya Songea, walikaa kwenye vigoda wakauliza jambo moja tu: huko pwani mnakula nini? Kwetu mtu asiye na mahindi haitwi maskini, anaonewa haya. Muhogo ulikuwa chakula cha mwaka wa nzige, na aliyeula hakumsimulia mjukuu. Mshenga akajibu kama nilivyomfundisha: "Mtwara kuna bandari, wazee wangu. Sembe inashuka melini kama mvua ya masika. Binti yenu muhogo atauona kwa mbali tu, kama mnavyoiona ndege angani."

Mjomba mkubwa akagonga fimbo chini. "Vizuri. Siku tukisikia binti yetu anakula mizizi, mama yake atakuja kumchukua. Wewe utabaki na bandari yako."

Watu wote wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikacheka mpaka mbuzi wa mahari wakashtuka. Nilikuwa kijana, na tumbo langu lilikuwa halijawahi kusikia habari ya bei.

Basi tukaishi Mtwara, mimi na mke wangu, katika vyumba viwili vya nyumba ya bati upande wa Mtawanya, na baadaye binti yetu mchanga akatufanya watatu. Bandarini nilianza kama kuli, nikabeba magunia mpaka shingo ikaingia kifuani kama ya kobe. Nikajiandikisha masomo ya jioni. Mchana gunia, jioni ubao na chaki. Nilipohitimu nikafanywa karani wa kuhesabu mizigo, na nilivyotembea siku ile nikiwa na penseli sikioni, ungedhani meli zote zimekuja kuniona mimi.

Miaka yote ile bei ya sembe ilikuwa imefungwa. Serikali iliifunga kama mbuzi kwenye kigingi: inazunguka hapo hapo, haiingii shamba la mtu. Halafu ukaja ukame, ule wa katikati ya miaka ya sabini, na jioni moja redio ikatangaza, kwa sauti ile ile ya kusoma matokeo ya mpira, kwamba unga unaoletwa kutoka ng'ambo umekuwa ghali mno kwa serikali kuendelea kuubebea mzigo, na kuanzia sasa mwananchi atanunua kwa bei ya kweli.

Mke wangu alikuwa anamnyonyesha mtoto. Akainua kichwa. "Bei ya kweli? Kumbe siku zote tulikuwa tunakula uongo?"

Mimi msomi nikachukua kipande cha mkaa, nikamchorea ukutani somo tulilofundishwa jioni. Nikamwambia bei ni kama maji. Ukiyazuia yanajaa, ukiyafungulia yanatafuta usawa wake, yanatulia.

"Maji gani, baba, yanayopanda mlima?" akauliza.

Nikafuta ule mchoro kwa kiwiko.

Haukupita muda, sembe ikapanda, na ilipopanda, vitu vingine vikaona aibu kubaki chini. Mafuta ya taa yakaifuata. Sabuni ikafuata. Sukari haikupanda tu, ilipotea kabisa, ikawa inaonekana kwa ndoto. Mshahara nao uliongezwa, tusiseme uongo, lakini uliongezeka kama mtoto anayemkimbilia mama yake sokoni: akifika penye mchicha, mama keshafika penye samaki. Tukaanza kuzima taa mapema. Tukaanza kunywa chai ya rangi kwa kuangalia kibakuli cha sukari kilichokuwa kitupu.

Aliyetuokoa ni jirani yetu, mama mmoja wa Kimakonde mwenye shamba la mikorosho na mihogo huko Mpapura. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika Mikindani bila kupanda kilima. Akaingia siku moja na kikapu cha makopa, yaani ile mihogo iliyomenywa ikakaushwa juani mpaka ikawa mieupe na migumu kama mifupa.

"Mwanangu," akamwambia mke wangu, "unazeeka kwa foleni ya unga, na huku Mungu kazika chakula chini ya miguu yako. Twanga hii."

Mke wangu akanitazama. Mimi nikatazama dari. Akatwanga.

Hivyo ndivyo ahadi yangu ilivyoanza kuliwa. Mchana ugali wa makopa na kisamvu cha nazi, jioni sembe kidogo ili heshima ibaki nyumbani. Mke wangu akanenepa, mtoto akanenepa. Nami nikawa najiambia kwamba milimani ni mbali, na makopa hayana mdomo.

Ndipo dereva mmoja wa lori aliyetoka Songea akaja kunitafuta getini bandarini. Alisimama akipangusa vumbi usoni, akasema kwa furaha kana kwamba ananiletea zawadi: "Mkweo anakusalimu. Yuko njiani na lori la mwenzangu. Anakuja kumwona binti yake."

"Anakuja kumwona," nikasema, "au anakuja kumchukua?"

"Mimi nimeambiwa kumwona," akasema. "Mbona unatoka jasho, ndugu yangu? Jua lenyewe liko mawinguni."

Nilifika nyumbani kabla ya miguu yangu. Mke wangu akafunua debe la unga. Sembe iliyokuwamo ingeweza kufunika kiganja na kubakiza vidole. Akafunika debe, akakaa juu yake.

"Mama anaujua ugali kwa vidole," akasema. "Mwulize mtu yeyote kwetu. Atautambua."

"Nitanunua sembe."

"Utanunua kwa pesa gani, kwa penseli yako?"

Jirani akaitwa. Akasikiliza habari yote, mjomba na fimbo na mizizi, akacheka mpaka kanga ikalegea. Halafu akaona mke wangu analia, akanyamaza, akakunja kanga yake vizuri.

"Sikilizeni. Makopa peke yake yanavuta, yanashika vidole kama ulimbo. Huyo mama atajua kabla hajameza. Lakini tia mikono mitatu ya sembe, mkono mmoja wa makopa, songa kwa nguvu, pakua ungali moto. Mwekee mboga yenye mafuta ya nazi, vidole viteleze. Wallahi, hata mahakamani hautambuliki."

"Na sembe ikiisha?" nikauliza.

"Kwani mama mkwe anakaa mwaka?"

Nikakopa bandarini, nikanunua sembe kidogo.

Hapa lazima nieleze adabu ya kwetu, maana ndiyo iliyonitesa. Mwanamume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani kila mmoja anageukia upande wake mpaka mwenzake apite. Ukiwa na neno unalipitisha kwa mkeo, hata kama mkwe mwenyewe yuko nyuma ya pazia na anakusikia kama redio. Sasa weka adabu hiyo ndani ya vyumba viwili. Alipofika tu mimi nilihamia kulala kwa kuli mwenzangu wa zamani, nikawa narudi kwangu kama mwizi mwenye heshima: nakohoa tangu njia panda. Nilikohoa kipindi kile mpaka watu wa mtaa wakaanza kuniletea dawa za kifua.

Alishuka kwenye lori akiwa amejifunika kanga mpaka kichwani. Nilimwona mgongo tu, nikageuka. Lakini hata mgongo ule uliniambia jambo ambalo sikulielewa wakati ule. Niliukumbuka mpana.

Jioni ya kwanza nilikaa nje nyuma ya ukuta wa jiko, kwenye kinu kilichopinduliwa, sahani yangu magotini. Ndani nilisikia maji ya kunawa. Nikasikia sala. Halafu kimya. Kimya kile kilikuwa kirefu kama barabara ya Tunduru. Nilisikia tonge linavingirishwa mkononi, naapa nililisikia, na moyo wangu ulipiga kelele kiasi kwamba nilidhani meli inapiga honi.

"Unga huu ni mzuri," sauti ya mama mkwe ikasema taratibu. "Ni wa dukani?"

"Wa dukani, mama," mke wangu akajibu, na sauti yake ilitetemeka kama kifuniko juu ya sufuria.

"Mnanunua bei gani huku?"

Mke wangu akataja.

Mama mkwe akasema, "Niongeze."

Nikala tonge langu la kwanza.

Lakini mvua ilikuwa inatusubiri. Masika yalianza kwa hasira, na habari zikaja kwamba barabara ya huko Tunduru imekatika, malori yamezama mpaka kwenye milango. Mgeni aliyekuja kukaa kidogo akawa hana njia ya kurudi. Na ubao wa bei pale dukani, ubao mweusi ulioning'inizwa kwenye ukuta wa nje, ukawa kila mara unafutwa na kuandikwa upya. Nilikuwa nikipita hapo najifanya sioni, kama mtu anayemkwepa mkwe mwingine.

Mikono mitatu ya sembe ikawa miwili. Miwili ikawa mmoja. Mke wangu alikuwa anasonga ugali kama anapigana na mtu. Akaongeza nazi, akaongeza korosho za kupondwa kwenye mboga, akasogeza taa mbali na mkeka ili rangi isionekane. Kila jioni mimi kwenye kinu changu nje, nikingoja sauti iseme neno moja: mizizi. Haikusema. Mama mkwe alikula. Alikula haraka, alikula yote, na kila jioni alisema lile lile: niongeze. Nilianza kumwogopa mtu anayekula hivyo bila kusema kitu. Nikajiambia huyu anapima. Hakimu mwenye busara haongei mpaka ushahidi ukamilike.

Na ushahidi ukaonekana. Asubuhi moja mke wangu alikuja mbio mpaka getini bandarini, mtoto mgongoni, kilemba kimelegea.

"Baba mtoto, tumekwisha."

"Amesema?"

"Hajasema. Nilikuwa nafagia chumbani kwake. Chini ya mkeka kuna kitambaa kimefungwa. Nimefungua. Ni ukoko."

Ukoko ni ule ugali unaoganda chini ya sufuria. Sisi tulikuwa tunauloweka tunawamwagia kuku wa jirani. Kumbe mama mkwe, mke wangu akishalala au akitoka, alikuwa anaubandua, anauanika nyuma ya nyumba mvua ikipumzika, anaufunga kitambaani kipande kwa kipande.

"Wa tangu siku ya kwanza," mke wangu akasema. "Ule mweupe wa sembe uko chini. Halafu unazidi kubadilika rangi mpaka juu. Mtu akiutazama anaona kabisa tulivyokuwa tunashuka."

Nilimwona mjomba na fimbo yake, kitambaa kimefunguliwa mbele ya vigoda, vipande vinapita mkono kwa mkono kama vielelezo. Hiki cha sembe. Hiki nusu kwa nusu. Hiki mizizi mitupu. Mshenga wangu anatazama chini. Na nyumba yangu Mtwara ina kinu, debe, na mimi.

"Ungependa kwenda?" nikamwuliza mke wangu. Sijui kwa nini nilimwuliza pale, getini, makuli wakipita na magunia.

Akanitazama kwa hasira ambayo sijaiona tena. "Nimekaa juu ya debe tupu nikilia, halafu unaniuliza kama ningependa kwenda? Tafuta sembe. Barabara inafunguliwa, nimesikia kwa dereva. Jioni ya mwisho tusonge sembe tupu, mama aondoke na ladha hiyo mdomoni. Ukoko atakuwa nao, lakini atakuwa na wa mwisho pia."

Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kupanga foleni. Foleni ile ilianzia dukani ikaishia, kama si mwisho wa dunia, basi karibu yake. Watu waliweka mawe mahali pao wakaenda kukaa kivulini, na ikawa mawe yana heshima kuliko watu: ukilisogeza jiwe la mtu unasikia matusi kutoka kila upande. Nikaweka jiwe langu. Nikasimama juu yake, maana siku ile sikuliamini hata jiwe.

Jua likapanda, likashuka. Nilikuwa naona mlango. Nilikuwa naona kata ikiingia kwenye gunia. Mbele yangu wakabaki watu wa kuhesabika, na mwenye duka akatoka na kitambaa, akafuta ubao, akaandika bei nyingine juu ya ile ya asubuhi.

"Mzee, si haki!" nikapiga kelele. "Nimepanga foleni kwa bei ya asubuhi!"

"Kailalamikie hiyo asubuhi," akajibu bila kugeuka. "Mimi nimeletewa bei kama nilivyoletewa unga. Unataka au hutaki?"

Nikapapasa mfuko. Nilichokuwa nacho kilitosha bei ya asubuhi. Nyuma yangu mtu akasema, "Karani, kama hununui ondoa jiwe lako." Nikaondoa jiwe langu. Nikatembea nalo mkononi mpaka nyumbani, sijui nililipeleka kufanya nini.

Mke wangu aliona jiwe, akaelewa. Akachukua unga wa makopa uliokuwa umebaki, mtupu, usio na hata chembe ya sembe, akainjika sufuria.

Nikakaa kwenye kinu changu kama mtu anayengoja kusomewa hukumu. Nikasikia maji ya kunawa. Nikasikia sala. Nikasikia tonge likivutwa, na safari hii sitii chumvi: ugali wa makopa mtupu una sauti yake ukivutwa.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, "mwambie mume wako asogee mlangoni."

"Mama, yuko..."

"Yuko nyuma ya ukuta wa jiko. Yuko hapo kila siku. Kikohozi chake nakijua. Mwambie asogee."

Nikasogea. Nikasimama nje ya mlango nimegeuza mgongo, uso kwenye uwanja. Mama mkwe alikuwa ndani, nadhani naye amegeuka. Mke wangu katikati yetu.

"Mwulize, ugali huu unatoka wapi?"

Mke wangu hakupata nafasi ya kuniuliza. Maneno yalinitoka yenyewe. Nikaanza hotuba: ukame, ng'ambo, redio, bei ya kweli, maji na usawa wake, masomo yangu yote ya jioni yakamwagika pale kizingitini kama gunia lililopasuka...

"Mwambie anyamaze," mama mkwe akasema. "Sijauliza bei. Nauliza unatoka wapi. Unalimwa? Mtu anaupata kwa kupanda?"

Mke wangu akasema polepole, "Ni muhogo, mama. Ni makopa. Jirani ndiye anayelima. Ukitaka kunichukua, mimi..."

"Kukuchukua?" Nikasikia sahani ikiwekwa chini. "Nikuchukue nikakulishe nini?"

Hapo ndipo alipotueleza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa. Walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya, bondeni kwenye joto, na mahindi yao yakabaki mlimani. Yaliyoiva yakaliwa na nyani. Duka la kule lilikuwa na ubao wake pia, na ubao ule ulikuwa unapanda kama wa huku. Mjomba mwenye fimbo alikuwa anachemsha majani. Yeye aliondoka ili sahani moja ipungue nyumbani, na njia nzima alikuwa akiomba tusitambue kilichomleta.

"Nilijua tangu tonge la kwanza," akasema. "Nikafikiri, nikitaja mizizi, mkwe ataona haya, ataacha kunipakulia. Nikanyamaza nile."

"Na ukoko, mama?" mke wangu akauliza. Alikuwa analia tena.

"Wa kwenda nao. Ukilowekwa maji ya moto unarudi kuwa ugali. Kule kuna watoto."

Nimesema mimi ni mtu wa mdomo. Pale mlangoni mdomo wangu ulipotea, nikabaki na jiwe langu mkononi.

Asubuhi jirani yetu alipopata habari hakucheka. Alikwenda Mpapura na kurudi na magunia ya makopa juu ya baiskeli ya mwanawe, na mzigo wa vijiti vya muhogo vya kupanda, vimefungwa kwa kamba ya mnazi. Akamkalisha mama mkwe chini akamfundisha: hiki ni kitamu, mtoto anaweza kukitafuna, hiki ni kichungu, usithubutu kukila bila kukimenya na kukianika mpaka kikauke kabisa. Wakaongea Kiswahili kila mmoja na mlima wake mdomoni, wakaelewana kuliko mimi na mwenye duka.

Lori liliegeshwa mbele ya duka lile lile. Mama mkwe alipanda amejifunika kanga, kile kitambaa cha ukoko kifuani, vijiti vya muhogo vimesimama nyuma yake kama watu. Mke wangu alisimama chini na mtoto. Hakuna aliyemwambia apande.

"Mwambie mume wako," mama mkwe akasema kutoka juu, "mjomba nitamwambia mimi."

"Mwambie mama," nikasema, "asimwambie na bei."

Nikamsikia akicheka, mara ya kwanza tangu afike. Injini ikawaka. Na kwa kuwa adabu ni adabu, nikageukia ukutani mpaka lori lipite. Ukutani pale palikuwa na ule ubao mweusi. Mwenye duka alikuwa amesimama kando yangu na kitambaa chake chenye maji, akingoja nimpishe kidogo ili aandike.